Kuipambanua Sauti ya Mwimbaji na Ala Zake: Kaseti za Wazee Wetu Mbele ya Programu za Kompyuta

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara kutoka kwa jamaa walioko hapa Johannesburg, na kwa wenzetu wa Maskati, Dubai na London, ni hili. Ndani ya kabati mna kaseti ya taarabu, ya maulidi au ya arusi. Anayeimba ni bibi au mjomba aliyekwishafariki. Fidla, dumbak na makofi yamemfunika, na maneno yake hayasikiki vizuri. Je, kompyuta yaweza kuitoa sauti yake peke yake?

Jibu fupi ni kwamba yaweza kwa kiasi, na kiasi hicho hutegemea zaidi namna rikodi ilivyofanywa kuliko programu itakayotumiwa. Jibu refu ndilo tunalolieleza hapa, kwa sababu nyuma ya swali hili la ufundi mna swali linalomhusu kila anayeandika nasaba au taarikhi ya watu wake: sauti inayotoka katika kompyuta ni ushahidi wenyewe, au ni tafsiri ya ushahidi?

Mono na sterio

Jambo la kwanza la kujua ni kama rikodi ni ya mono au ya sterio. Rikodi ya mono ina mkondo mmoja tu wa sauti. Kila kilichosikika chumbani kimeingia katika mkondo huo, kama maji ya visima viwili yaliyotiwa katika ndoo moja. Rikodi ya sterio ina mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia, na tofauti iliyopo baina ya mikondo hiyo ndiyo inayolifanya sikio lidhani kwamba fidla iko upande huu na akodiani upande ule.

Mhandisi wa Kiingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sterio mwaka 1931, lakini santuri za namna hiyo hazikuenea madukani mpaka mwisho wa miaka ya 1950. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urithi wetu wa mwanzo ni mono. Santuri alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay kuanzia mwaka 1928 ni mono. Kadhalika rikodi za Hugh Tracey, ambaye mwaka 1954 aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, magharibi ya mji huu wa Johannesburg. Tracey alisafiri Afrika Mashariki mwaka 1950 na tena mwaka 1952, na mavuno ya safari hizo yamo katika hifadhi ya maktaba hiyo, iliyohamishiwa Grahamstown, siku hizi Makhanda, mwaka 1978 baada ya kufariki kwake. Alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni kwa mkono wake na kuisogeza karibu na mwimbaji au ala aliyotaka isikike. Uchaguzi wa nani asikike ulifanyika palepale, na matokeo yake yamo ndani ya mkondo mmoja.

Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilikuja kutupa sterio majumbani mwetu, lakini si kila kaseti ni ya sterio. Kinasa sauti kidogo cha maikrofoni moja hurekodi mono. Kilichorekodiwa kutoka redio ya masafa mafupi ni mono pia. Ndivyo ilivyo kwa idhaa ya Kiswahili ya Radio RSA, iliyokuwa ikirushwa kutoka Afrika Kusini kuelekea nchi zetu. Kaseti kama hiyo ikichezwa katika mashine ya sterio hutoka katika spika zote mbili, na mwenyewe hudhani kuwa ana sterio.

Kipimo ni chepesi. Katika programu ya kuhariri sauti, pindua wimbi la mkondo mmoja, yaani kila kilele kiwe bonde na kila bonde liwe kilele, kisha uicheze mikondo yote miwili kwa pamoja kama mmoja. Yaliyokuwa sawasawa yatafutana. Ukisikia ukimya wenye mvumo wa utepe tu, rikodi yako ni mono, na njia mbili za mwanzo tutakazozieleza hazitakufaa. Ukisikia ala zimebaki, ni sterio.

Hesabu ya kutoa

Kipimo hicho ndicho pia njia ya zamani kuliko zote. Katika studio, desturi ni kumweka mwimbaji katikati, maana yake sauti yake hutiwa kwa kiasi kilekile kushoto na kulia, na ala hutawanywa pande mbili. Tuiite sauti ya mwimbaji S. Mkondo wa kushoto una S pamoja na ala tuziite A. Wa kulia una S pamoja na ala tuziite B. Tukitoa wa kulia katika wa kushoto, S hujifuta, na hubaki A kutoa B. Ndivyo zilivyotengenezwa baadhi ya nyimbo za karaoke.

Hapo wengi husema: basi tumekwishapata ala peke yake, tuzitoe sasa katika rikodi nzima, sauti itabaki. Maneno hayo yanaingia akilini, lakini hayatimii. Tukijumlisha mikondo miwili tunapata S mara mbili pamoja na A na B. Tulichonacho mkononi ni A kutoa B, nacho si sawa na A kujumlisha B, na hakiwezi kuwafuta hao wawili. Waliosoma aljebra, elimu iliyopata jina lake kutokana na kitabu cha Al-Khwarizmi cha karne ya 9, wataiona kasoro mara moja: tuna milinganyo miwili na visivyojulikana vitatu. Kutoa kunaweza kumwondoa mwimbaji. Hakuwezi kumleta.

Hata huko kumwondoa, kaseti ya zamani hukataa kwa sababu nyingine. Utepe wa kaseti hupita mbele ya kichwa cha mashine kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Sauti nyembamba ya mizunguko 10,000 kwa sekunde huchukua juu ya utepe urefu wa milimita 0.00476 tu kwa kila wimbi. Kichwa cha mashine kikikaa mshazari kidogo, hata mkondo mmoja ukasomwa nyuma ya mwenzake kwa nusu ya urefu huo, kilele cha kushoto hukutana na bonde la kulia, na hesabu yote hugeuka. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hukirekebisha kichwa cha mashine kwa kila kaseti kabla ya kuihamisha, akigeuza parafujo yake huku akisikiliza mpaka sauti nyembamba ziwe wazi kabisa. Kazi hiyo ya dakika moja hufaa kuliko programu yoyote itakayofuata.

Kukata chembechembe

Njia ya pili haitazami rikodi kwa jumla. Huigawa katika vipande vya sehemu ndogo sana za sekunde, kisha kila kipande hukigawa kwa masafa, kutoka sauti nzito mpaka nyembamba. Kwa kila chembe huuliza: je, kushoto na kulia zinafanana? Zikifanana, huhukumu kwamba chembe hiyo imetoka katikati, yaani kwa mwimbaji, na huiacha. Zikitofautiana, huipunguza. Audacity, programu ya bure iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, inayo amri ya kufanya hivyo, ya kupunguza sauti ya mwimbaji au kuitenga. Mtumiaji huchagua nguvu ya ukataji, na mipaka ya masafa, ili yaliyo chini ya sauti ya binadamu yaachwe nje.

Ubora wa njia hii ni kwamba huleta sauti kweli. Upungufu wake ni kwamba haijui sauti ya mtu ni nini. Inajua katikati tu. Studio huweka katikati besi na ngoma pia, basi navyo huja pamoja na mwimbaji. Mwangwi wa ukumbi, uliotawanyika pande zote, hukatwa hovyo, na sauti hubaki kama ya mtu anayeimba ndani ya maji. Katika kaseti za shughuli za nyumbani hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa hapakuwa na studio wala katikati. Redio-kaseti iliyowekwa juu ya meza ina maikrofoni mbili zilizo mbalimbali kidogo, na sauti husafiri kiasi cha sentimita 34 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwimbaji aliyesimama upande wa kulia hufika kulia kwanza, kisha kushoto. Hafanani na nafsi yake katika mikondo miwili, na programu humhukumu kuwa ni ala.

Akili unde

Njia ya tatu ndiyo iliyoleta mabadiliko ya miaka ya karibuni. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure programu iitwayo Spleeter, na watafiti wa Facebook wakatoa yao iitwayo Demucs. Hizi haziulizi sauti iko upande gani. Zimefundishwa kwa nyimbo ambazo sehemu zake zilihifadhiwa mbalimbali tangu studio: hapa sauti, hapa ngoma, hapa besi, hapa vyenginevyo. Baada ya kulinganisha mchanganyiko na sehemu zake mara nyingi mno, programu hujifunza sura ya sauti ya binadamu, na ikipewa wimbo isioujua hukisia ni kipi ndani yake ni sauti. Kwa kuwa haitegemei kushoto na kulia, hufanya kazi hata katika mono. Mwaka 2023 wimbo wa Beatles uitwao "Now and Then" ulitolewa baada ya sauti ya John Lennon kupambanuliwa na piano, kutoka kaseti aliyojirekodia nyumbani katika miaka ya 1970.

Sisi tumezijaribu programu hizi kwa kaseti za taarabu, na hatuna budi kusema kwamba mara nyingi matokeo yake yanastaajabisha. Lakini inafaa kujua zilisomea wapi. Mkusanyo uliotumiwa sana na watafiti wa fani hii, MUSDB18, una nyimbo 150, na nyingi ni za mitindo ya Kimagharibi. Mafungu yake ni manne: sauti, ngoma, besi na vyenginevyo. Udi, kanuni, nai na fidla zote hutiwa katika fungu la mwisho, kama wageni waliokosa viti. Fidla inayomfuata mwimbaji noti kwa noti, ambayo ndiyo adabu yenyewe ya taarabu, yaweza kudhaniwa kuwa ni sauti ikabaki naye. Na mahadhi marefu ya mwimbaji yaweza kudhaniwa kuwa ni fidla yakaondoka nayo.

Tena, fungu la sauti ni moja tu, na si kila muziki una sauti moja. Mfano ulio karibu nasi hapa Johannesburg ni "Mbube", uliorekodiwa na Solomon Linda na kundi lake katika studio ya Gallo mwaka 1939. Wimbo wenyewe karibu wote ni sauti za watu: waimbaji wa chini wanarudia neno lilelile, na Linda anapaa juu yao kwa sauti nyembamba. Ile sauti yake ya mwisho, aliyoibuni papo hapo, ndiyo iliyokuja kujulikana duniani kote katika "The Lion Sleeps Tonight", na madai ya warithi wake hayakumalizika ila kwa mapatano ya mwaka 2006. Programu ikiambiwa itoe sauti katika rikodi hiyo italeta kundi zima. Haikufundishwa kutofautisha kiongozi na waitikiaji. Ndivyo ilivyo kwa kiitikio cha taarabu na kwa wanaopokea kasida: anayetaka kumsikia bibi yake peke yake katikati ya akina mama ishirini, programu hizi hazijamfikisha huko.

Bin au binti

Hatari kubwa kwa mwanahistoria haimo katika kazi iliyoharibika, kwa kuwa hiyo husikika. Imo katika kazi iliyotoka safi. Familia moja ya hapa ilituletea kaseti ya arusi ambamo mwimbaji, katika kuwasifu watu wa nyumba, anawataja kwa majina na majina ya baba zao. Jina moja lilikuwa katika majina ambayo kwetu hupewa wanaume na wanawake. Katika karatasi ya nasaba ya familia jina hilo limeandikwa bila ya maelezo yoyote, na vijana walitaka kujua kama mtu huyo alikuwa babu yao mwengine au bibi waliyemsahau. Jina lenyewe hatulitaji, kwa heshima ya wenyewe.

Washairi wetu, wakihitaji mizani, hulirefusha neno "bin" likawa "bini". Basi "bini" na "binti" huwa na mizani sawa, na urari wa beti hausaidii kitu. Tofauti pekee ni herufi t, ambayo katika kinywa ni ukimya mfupi unaofuatwa na mlio wa ghafla, jumla yake sehemu chache za mia za sekunde. Na pigo la dumbak nalo ni mlio wa ghafla. Katika nakala iliyotoka kwenye programu ya akili unde sauti ilikuwa safi kabisa, na neno lilikuwa "bini". Vijana waliridhika, na walikuwa tayari kuandika "babu".

Tuliirudia kaseti yenyewe, bila ya programu, tukausikiliza mkondo wa kushoto peke yake, kwani upande huo ngoma ilikuwa mbali zaidi. Palikuwa na kitu ndani ya pigo, lakini si cha kuapia. Baadaye, waitikiaji walipourudia mstari huo, pigo lilichelewa kidogo, na t ikasikika wazi: "binti". Programu ilikuwa imeuona mlio wa ghafla mahali pa ngoma, ikaupeleka kwa ngoma. Haikudanganya, kwa kuwa haijui Kiswahili wala nasaba. Ilikisia yaliyo karibu zaidi na iliyofundishwa, na kisio lake lilikuwa karibu kumfanya mwanamke mmoja awe mwanamume katika nasaba ya watu wake.

Waliosoma uhakiki wa miswada wanalijua jambo hili kwa jina jengine. Mnakili mwenye hati nzuri anayesahihisha neno asilolielewa ni wa hatari kuliko mnakili mwenye hati mbaya, kwa sababu kosa lake halina alama.

Utaratibu tunaoupendekeza

Kwanza, hamisha kaseti kwa ubora wa juu na uiache kama ilivyo. Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, inataka angalau vipimo 48,000 kwa sekunde kwa biti 24, na inapendelea 96,000. Kwa kiwango hicho cha juu, saa moja ya sterio huchukua takriban gigabaiti 2, nafasi ambayo siku hizi haina gharama kubwa. Usiondoe mvumo, usikate mwanzo, na usitumie MP3, kwani MP3 hutupa yale inayodhani sikio halitayasikia, na mara nyingi hayo ndiyo tunayoyatafuta. Faili hili ndilo asili.

Pili, kabla ya kufungua programu yoyote ya kutenga sauti, sikiliza kushoto peke yake, kisha kulia peke yake, kwa vipokea sauti vya masikioni. Mara nyingi maneno yaliyokosekana kwa miaka hupatikana hapo, bila ya kukisia chochote.

Tatu, kisha tumia njia ulizozichagua, na kila tokeo lihifadhiwe kama nakala mbali, kamwe lisiandikwe juu ya asili. Ni vizuri kutumia programu mbili zilizo mbalimbali. Zikikubaliana juu ya neno, hilo ni jambo la kutia moyo. Zikikhitilafiana, umejua pa kurudi katika kaseti.

Nne, kila nakala iwe na isnadi yake. Iandikwe kaseti ilitoka kwa nani, ilichezwa kwa mashine gani, nani aliihamisha na lini, programu ipi na toleo lipi, na ni mambo gani yaliyobadilishwa. Hadithi isiyo na isnadi haikubaliwi na wanachuoni. Hatuoni kwa nini faili la sauti lisamehewe.

Tano, maneno yanukuliwe kutoka asili, na nakala iliyotengwa iwe ni msaada wa kusomea, kama hashiya pembezoni mwa kitabu. Penye neno lililosikika katika nakala hiyo tu, liwekwe ndani ya mabano na lisemwe hivyo.

Limebaki jambo moja ambalo si la ufundi. Nyingi ya kaseti hizi zilirekodiwa katika shughuli za wanawake, nyuma ya milango iliyofungwa, na mwimbaji alikubali kurekodiwa akijua kwamba sauti yake imo ndani ya sauti za wenziwe. Kuitoa peke yake na kuisambaza kwa simu ni kumweka mahali ambapo hakuchagua kusimama. Sauti hiyo kwanza irudishwe kwa watoto wake na wajukuu zake, nao ndio waamue nani mwengine aisikie. Sisi tumezoea kuwauliza kabla ya kuanza kazi, na mara mbili tumeambiwa hapana, tukairudisha kaseti kama ilivyokuja.

Kwa waliobaki, nasaha yetu ni wasingoje. Mashine nzuri za kaseti zinazidi kuadimika, na mafundi wanaojua kurekebisha vichwa vyake pia. Programu za kupambanua sauti hubadilika kila mwaka, na huenda baada ya miaka kumi zitamtofautisha kiongozi na waitikiaji wake, na t ya binti na pigo la dumbak. Zitakapofika huko zitahitaji asili ya kufanyia kazi. Basi kaseti ihamishwe mwaka huu, iandikiwe isnadi yake, na hata baada ya kuhamishwa isitupwe.